Demio ya Skyactiv baada ya miaka miwili Mtwara: inavyokula na inavyotoa masizi

Kila nikisimama sheli, hakosi mtu wa kuuliza. "Mama, hako kagari kanakulaje?" Wameuliza vijana wa pampu, wameuliza bodaboda waliopanga foleni nyuma yangu, na mwezi uliopita kauliza trafiki wa njia panda ya Mingoyo, tena baada ya kumaliza kukagua leseni na kizimamoto. Nimejibu mpaka nimechoka, leo naandika.

Gari ni Mazda Demio ya mwaka 2012, injini ya 1.3, yenye neno Skyactiv nyuma kwenye mlango wa buti. Niliiagiza Japan, ikashuka bandari ya Dar ikiwa na kilomita 78,000, ikaja Mtwara kwa magurudumu yake. Sasa ina 119,000. Mimi nauza pembejeo za korosho: salfa, viuatilifu, mashine za kupulizia na spea zake. Kazi yangu ni mguu na njia. Leo niko Lindi kufuata mzigo, keshokutwa niko Nanyamba kudai hela. Nina daftari la gari kama nilivyo na daftari la madeni ya dukani, na la gari ndilo lisilonipandisha presha.

Kabla ya yote, ujue Demio za umbo hili hazifanani injini ingawa kwa nje ni kama mapacha. Kuna 1.3 ya kawaida na kuna hii ya Skyactiv. Mawakala wa mtandaoni huzichanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua sana. Kwenye ya kawaida nozo zinapulizia petroli kwenye njia ya hewa, mlangoni mwa silinda, halafu mchanganyiko unavutwa ndani. Kwenye Skyactiv nozo zimeingia ndani ya silinda kabisa. Hewa inaingia peke yake, petroli inakuja kupigwa ndani kwa presha kubwa. Tofauti hiyo moja ndiyo iliyonipa raha zote na karaha zote nitakazosimulia.

Mtaani ukisema nozo ziko ndani ya silinda, jibu ni moja: "D4 hiyo, kimbia." Sifa hiyo inatoka mbali. Mitsubishi walianza kuziuza kwa wingi mwaka 1996 kwenye Galant, wakaziita GDI, na Toyota wakafuata mwaka uleule na D-4 yao. Zile za mwanzo, ukiendesha taratibu, zilichoma petroli kidogo sana kwenye hewa nyingi sana. Zilibana mafuta kweli, lakini hewa ikizidi hivyo, masega ya kwenye bomba la moshi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, yanashindwa kuua gesi za oksidi za naitrojeni, kwa sababu ili yafanye kazi hiyo yanataka moshi usiobakiwa na oksijeni. Skyactiv haina mchezo huo. Inachanganya hewa na petroli kwa kipimo cha kawaida, masega yanafanya kazi yake, na ubanaji wa mafuta unatafutwa kwingine.

Kwingine kwenyewe ni hapa. Injini nyingi za petroli hubana hewa mara 10 au 11 kabla ya plagi kuwasha. Hii inabana mara 14. Ukibana zaidi unapata nguvu zaidi kwa tone lilelile, ila hewa iliyobanwa sana inachemka, petroli inawaka kabla ya zamu yake na injini inaanza kugonga. Sasa petroli ikipuliziwa mlemle ndani, inageuka mvuke na kunyonya joto la hewa iliyomo, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Hewa ikipoa, unaweza kuibana bila ugomvi. Nilisoma kemia pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, na nakiri niliposoma jambo hili nilitabasamu peke yangu dukani, mteja akadhani namcheka yeye.

Tuje kwenye daftari. Wajapani walipoitoa katikati ya mwaka 2011 waliisifia kuwa inakwenda kilomita 30 kwa lita. Kipimo kile kilikuwa cha zamani, kinaitwa 10-15. Kwa kipimo kilichokuja baadaye, JC08, gari hilohilo likashuka hadi 25. Likifika kwetu linashuka tena. Mimi napima hivi: najaza fulu mpaka pampu ikate yenyewe, naandika kilomita, natembea, najaza tena sheli ileile pampu ileile, nagawanya. Siamini kompyuta ya dashibodi, inajipendelea.

Mtwara hadi Lindi na kurudi, kama kilomita 215 kwa mizunguko yangu, niko peke yangu, vioo nimeshusha kidogo, mwendo 80 na ule wa 50 wa vijijini: lita 10.8. Hiyo ni karibu kilomita 20 kwa lita. Safari hiyohiyo nikiwa na katoni za viuatilifu mpaka darini, kiyoyozi kinavuma na nina haraka ya kuwahi benki: 17 na nusu. Njia ile inalifaa gari hili. Ukishapanda kilima cha Mikindani ukauacha ule mji wa kale na ghuba yake chini, lami inanyooka mpaka Madangwa na zaidi, na injini inazunguka polepole kama inaota. Hapo ndipo Demio inapojua kazi.

Mjini ni kisa kingine. Nakaa Shangani, duka liko karibu na soko kuu. Ni mwendo wa dakika saba. Wiki ambayo sikutoka mjini, nyumbani dukani, dukani benki, benki nyumbani, nimepata 12. Gari langu la zamani, la 1.5 la nozo za kawaida, ambalo halikuwa na sifa yoyote ya kubana mafuta, mjini lilikuwa linanipa 11. Kilomita moja tu ya tofauti! Kwa hiyo yule anayetaka Demio hii kwa ajili ya kwenda sokoni na kurudi, hela atakazolipa zaidi wakati wa kununua hazitarudi.

Sababu iko kwenye dashibodi. Demio hii haina mshale wa joto la injini. Ina taa ndogo ya bluu inayowaka asubuhi na kuzimika maji yakishika moto. Kwa joto letu la Mtwara inazima mapema, lakini kutoka nyumbani kwangu inazima nikiwa nimeshafika karibu na duka. Maana yake nusu ya maisha ya injini mjini ni maisha ya baridi, na injini baridi inamwagiwa petroli nyingi. Kwenye mfumo huu kuna balaa la ziada: petroli ikipigwa ndani ya silinda isiyo na moto, nyingine haigeuki mvuke kwa wakati. Inatua juu ya pistoni na kwenye kuta ikiwa bado maji. Moto ukifika, yale matone yanawaka kama koroboi, mwanga hafifu na masizi tele.

Nimeyaona masizi hayo kwa macho yangu. Siku moja nilikata kipande cha shuka jeupe, nikakizungusha kwenye kidole na kuingiza ndani ya bomba la moshi. Kilitoka cheusi ti, weusi mkavu wa unga, ule unaoingia kwenye mistari ya vidole na kugoma sabuni. Nikaenda kwa jirani mwenye gari la nozo za kawaida, la umri mmoja na langu, nikaomba ruhusa. Akanitazama kama mtu aliyepoteza akili, akaruhusu. Kitambaa kikatoka kijivu. Najua kupima kwa shuka si maabara, lakini kwa upande huo shuka na wataalamu wamekubaliana: injini za petroli zinazodunga ndani ya silinda hutoa chembe za masizi nyingi kuliko zile za kawaida, na zaidi pale zinapowashwa zikiwa baridi.

Ulaya waliligundua hilo wakaanza kuzihesabu chembe zenyewe, si kupima uzito peke yake, maana ni ndogo mno kiasi kwamba hazina uzito wa kusema. Kwa injini hizi waliweka mwaka 2014 kikomo cha chembe trilioni 6 kwa kilomita, halafu kuanzia 2017 wakakishusha kwa aina mpya za magari hadi bilioni 600, yaani mara kumi chini. Ndipo magari mengi ya petroli huko yakaanza kuvalishwa chujio kwenye bomba la moshi, kama ya dizeli. Demio yangu ya 2012 haina chujio hilo. Kinachotoka, kimetoka.

Sasa hapa pana jambo linalonisumbua, na sijaona muuzaji akilisema. Gari hili linachafua kidogo na linachafua sana, yote mawili ni kweli. Katika kilomita 41,000 nilizotembea nimetumia lita 2,426, wastani wa karibu 17. Lile la zamani, kwa wastani wake wa 12.4, lingekunywa kama 3,300. Lita 880 hazikuungua. Kila lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo tani mbili za hewa ile hazikutoka. Vizuri. Lakini kaboni dayoksaidi haimkohozi mtu pale uani. Masizi yanamkohoza. Nilikuwa na tabia ya kuwasha gari asubuhi na kuliacha lichemke wakati nafunga milango, watoto wamesimama na mabegi nyuma ya gari, usawa wa bomba. Mimi ninayemkaripia mkulima akipuliza salfa bila kufunga pua! Siku hizi naingiza gari kwa nyuma ili bomba litazame ukuta wa mbali, watoto wanapanda kwanza, nawasha, naondoka papo hapo taratibu bila kukanyaga. Injini inapata moto haraka ikitembea kuliko ikisimama.

Masizi hayaishii nje. Mwaka jana mwezi wa kumi, msimu wa minada umepamba moto, nikawa sina muda hata wa kula. Nikachelewesha kumwaga oili. Ilitakiwa kila kilomita 6,000, nikaenda 11,000. Kosa ni langu, simsingizii aliyeitengeneza. Na oili yenyewe, gari linataka 0W-20, nyepesi kama maji, wakati maduka mengi ya hapa yamejaa 20W-50 na 15W-40 za malori na Noah. Mara mbili niliweka iliyopo. Mvuke wa oili unarudishwa kwenye njia ya hewa ukachomwe, na kwa kuwa hakuna petroli inayopita pale kuziosha valvu, ile milango ya silinda, kama kwenye injini za kawaida, unagandia humo tabaka juu ya tabaka.

Ikaanza kutetemeka asubuhi. Halafu taa ya injini. Gereji ya kwanza niliyoingia, siitaji, kijana alisikiliza sekunde chache akatamka: "Mama, toa masega, gari litapumua." Hakuchomeka hata mashine ya kupimia. Nikamuuliza masega yakitoka yanakwenda wapi, akacheka. Wote tunajua yanauzwa wapi, na kwa bei gani. Nikawasha gari langu linalotetemeka nikaondoka nalo. Masega ndiyo kitu pekee kilichobaki kati ya moshi wangu na pua za watu, niyatoe nikalipie?

Fundi wangu wa Chikongola, aliyenipokea kwa shikamoo na kiti cha plastiki, alichomeka mashine, akaona silinda ya tatu inaruka moto, akabadilisha plagi za silinda mbili kuona kama ugonjwa utahama. Haukuhama. Akafungua njia ya hewa. "Njoo uone, mama." Valvu zilikuwa kama sufuria ya ubwabwa uliosahaulika jikoni, ukoko mweusi, mnene, unaong'aa kwa mafuta. Alipougusa kwa bisibisi ulimeguka vipande. Silinda ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, hewa inapita kwa kujipenyeza.

Alifanya kazi siku mbili, kwa dawa ya kulowekea, brashi na subira, silinda moja baada ya nyingine, valvu zikiwa zimefungwa ili uchafu usidondoke ndani. Katikati ya kazi akaniambia wenzetu Ulaya hawasugui, wanasaga maganda ya jozi na kuyapuliza kwa hewa mpaka valvu inang'aa. "Sasa sisi maganda ya korosho tunayo mlima, mama, kwa nini tusijaribu?" Nikamwambia ajaribu kwenye gari la mtu mwingine. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua, waulize akina mama wabanguaji wakuoneshe viganja. Hata ukilikamua, mafuta yake ni hodari wa kuganda yakipata moto, ndiyo maana viwandani yanatengenezewa vitambaa vya breki. Ungetoa ukoko mmoja ukaweka mwingine. Alicheka lakini naona bado analifikiria. Gharama ilikuwa shilingi 280,000, na gari likarudi kuwa gari. Tetemeko likaisha, safari ya Lindi iliyofuata ikasoma 19.6.

Mafuta machafu nayo hayalipendi, au niseme hili haliyavumilii. Nozo za kawaida zinafanya kazi kwa presha ya bar 3 au 4, tairi lako lina 2 na ushee. Injini za aina hii zinafika 100 hadi 200, na pampu inayosukuma presha hiyo inalainishwa na petroli yenyewe. Nilijaza mara moja kwenye kituo kimoja cha njiani, usiku, sikitaji na sirudi. Kilomita nne mbele gari likaanza kukohoa. Tulipolimwaga tangi asubuhi, chini ya ndoo kulikuwa na maji yametulia chini ya petroli, unayaona kabisa mstari wake. Bahati pampu ilisalimika. Tangu siku hiyo najaza mjini tu kabla ya kutoka, na tangi la lita 35 linanipeleka Lindi na kunirudisha mara mbili na zaidi, sina sababu ya kubahatisha.

Mengine kwa haraka. Sauti: injini ikiwa inanguruma bila mwendo inatoa ta-ta-ta ya nozo, na baba yangu, dereva mstaafu wa lori, aliponitembelea alisisitiza nimeuziwa dizeli. Kuna kitu kinaitwa i-stop, kinazima injini ukisimama na kuiwasha ukiachia breki. Mzee siku hiyo tuliposimama kupisha punda, injini ikazima, akasema kwa huruma, "Mwanangu, imekufa tena?" Mtwara hatuna foleni za kuufanya mfumo huo ulipe, na unataka betri yake maalumu. Nilipoweka betri ya kawaida uliacha kufanya kazi, nikaagiza ile ya kwake kutoka Dar kwa basi, 420,000. Kwa ukweli ningeweza kuishi bila. Nafasi ya buti ni ya mtu asiye na biashara. Vumbi la salfa linajaza chujio la hewa haraka kuliko kitabu kinavyosema, mimi nalikung'uta kila wiki mbili wakati wa kupulizia. Na iko chini. Lami ya Mnivata naifurahia, baada ya hapo kuelekea Newala sifiki nayo, namwomba mume wangu pikapu.

Hesabu ya mwisho kwa wanaopenda hela kuliko maneno. EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, hutangaza bei kila mwezi na Mtwara tuna yetu, haifanani na ya Dar, kwa hiyo nimekadiria 3,000 kwa lita. Lita 880 nilizookoa ni milioni mbili na laki sita na ushee. Toa kusafisha valvu 280,000, betri 420,000, na oili ya 0W-20 inayonizidishia kama 60,000 kila sevisi, mara sita. Inabaki milioni moja na laki tano na kitu kwa miaka miwili. Nisingechelewesha oili ingekuwa zaidi. Na msisahau, faida hiyo imetoka barabara ya Lindi, haikutoka Shangani.

Nyota nne kati ya tano kwa mtu wa safari ndefu za lami anayejaza mahali anapopajua na anayemwaga oili kwa wakati. Kwa mtu wa mjini, mbili.

Wifi yangu ameipenda, anataka ya kupeleka watoto shule, kilomita mbili na nusu kwenda, mbili na nusu kurudi, injini haijawahi kupata moto. Nimemwambia achukue ile ya kawaida, hata nimemtafutia moja nzuri ya bluu. Amenuna. Anasema namnyima gari la kisasa.